Mgongo Haujui Uchuro

Hamali hapewi barua ya kustaafu. Siku moja anainama kushika polo la mchele kama alivyoinama jana na juzi, kiuno kinamwambia "basi," na kazi imekwisha pale pale. Changu kiliniambia hivyo nikiwa Tanga, bado kijana wa kuoa. Leo niko katika arobaini na kitu na watu wananiita mstaafu. Wananiambia, "Kaa sasa, pumzika."

Sikai. Kwanza sijawahi kukaa mahali nikakua mti. Pili, hospitali wenyewe wamenikataza kukaa kitako muda mrefu, kwa sababu kukaa hukibana kiuno kuliko kutembea. Kwa hiyo mkiniona huku kisiwani kwetu natoka Wesha naelekea Pujini, na kesho niko Kiuyu, msiseme nazurura. Natumia dawa.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaobeba mapolo bandarini na nyinyi mnaopanda mikarafuu msimu ukifika. Nyote mnakula kwa kitu ambacho hamjawahi kukiona. Uso wako unauona kwenye kioo, mikono unaitazama kila ukila, lakini mgongo wako wanauona watu wengine. Labda ndiyo maana tunaudharau.

Mimi nilianza kubeba Wesha mara tu baada ya kumaliza sekondari. Mnyapara wetu alikuwa Mzee Shaame, mfupi, mwembamba, sauti yake unaisikia kabla hujaiona bahari. Siku ya kwanza nilitaka kumwonyesha kwamba msomi naye ana nguvu. Nikalivuta polo kutoka kwenye rundo, nikalizungusha upande wa pili kama mcheza ngoma, na kabla sijalitua nikasikia:

"We mwanafunzi! Kiuno kimegeuka, miguu umeiacha Unguja?"

Gati zima likacheka. Mzee Shaame akanijia, akaniinamisha, akapitisha kidole gumba juu ya uti wa mgongo wangu, kutoka shingoni kwenda chini, akibonyeza kila kijinundu.

"Unajua hivi ni nini?"

"Pingili, mzee. Za shingo saba, za kifua kumi na mbili, za kiuno tano." Mwalimu wetu wa baiolojia alituimbisha hizo mpaka tukaziota. Alituambia pia kwamba hata twiga, na shingo lake lote lile, ana pingili za shingo saba kama wewe na mimi.

"Huko shuleni ni pingili. Hapa zinaitwa ngata za Mungu. Wewe ukibeba unaviringa kitambaa, unaweka ngata moja kichwani, unaona umemaliza. Mungu kakuwekea ngata tangu tumboni mwa mamako, moja juu ya moja, kila moja imekaa sawa juu ya mwenzake. Sasa unataka kuzivuruga kwa mchele wa watu? Geuza miguu! Miguu ikigeuka, kiuno kitafuata chenyewe."

Hayo ndiyo masomo yangu ya kwanza kazini, na mpaka leo sijapata yaliyo bora. Mzigo ukumbatie, usiuache mbali na tumbo. Chuchumaa, goti ndilo lipandishe. Usipokee polo ukiwa umejipinda. Na mtu asikudanganye kwamba mgongo ulionyooka kama mlingoti ndio mgongo mzuri. Mgongo mzima umepinda kwa makusudi: shingoni umeingia ndani, kifuani umetoka nje, kiunoni umeingia tena. Ule mpindo ndio unaonesanesa ukiruka kutoka kwenye gari. Ungekuwa mlingoti ungekatika siku ya kwanza.

Nikabeba Wesha, nikabeba Mkoani, nikavuka. Nimebeba Unguja, nimebeba Mombasa, nikaja kusimama Tanga. Nayakumbuka magati yale kwa harufu: hili sabuni, hili papa mkavu, hili karafuu. Hadi leo nikisikia harufu ya gunia lililonyeshewa mvua, moyo unanienda mbio.

Tanga ndiko kiuno kiliposema basi. Polo halikuwa hata zito. Nikasikia kitu kimeteleza ndani, moto ukashuka kwenye paja mpaka kidole kidogo cha mguu, na nikalala kifudifudi juu ya mchele wa watu kama nimeununua.

Hospitali nilikutana na Bi Mwanaidi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke mnene mcheshi anayekuumiza huku anakuulizia mama hajambo. Siku moja alinijia na pingili ya plastiki mkononi. Nikaishika, nikaigeuza. Mbele ina donge nene la kubebea uzito, nyuma ina mwiba, ule unaousikia ukipapasa, ubavuni ina mbawa mbili, na katikati, tundu.

"Ngata!" nikasema.

Bi Mwanaidi akacheka mpaka akakaa. Nilipomweleza maneno ya Mzee Shaame, akasema, "Huyo mzee wako anajua nusu. Nusu nyingine ni hii: ukizipanga hizi ngata, yale matundu yanakuwa bomba. Ndani ya bomba unapita ugwe laini kutoka ubongoni. Ukitaka kusogeza kidole cha mguu, habari inapita humo. Ugwe wenyewe unakomea juu ya kiuno, halafu unachanguka nyuzinyuzi kama makumbi ya nazi. Sasa kila baina ya ngata mbili kuna kisahani laini. Unajua kaimati, yale madonge ya unga ya kukaangwa?"

"Nani asiyezijua?"

"Basi kile ni kaimati. Nje kigumu, ndani laini. Wewe umeiminya yako upande mmoja mwaka baada ya mwaka, ikatumbuka, na ule ulaini wake umeukaba uzi unaokwenda mguuni. Ndiyo moto wako huo."

Tangu siku ile sijala kaimati bila kujihurumia.

Lakini aliyenifundisha lile ninalotaka nyinyi mlijue si Bi Mwanaidi. Ni mtu wa kitanda cha pili, mkwezi wa minazi, kijana kama nyinyi. Alilala chali, anatazama dari. Kuanzia kiunoni kwenda chini hakuwa na habari. Nilimuuliza ilikuwaje, akanijibu taratibu, kama mtu anayesimulia harusi ya jirani.

"Nilipoanguka, vidole vya miguu vilikuwa vinacheza. Nilivitazama mwenyewe. Wenzangu wakaja mbio, wakanishika makwapani, wakanikalisha, wakaniegemeza kwenye mnazi, wakanipa maji ya sukari. Nilipokalishwa tu, vikanyamaza."

Kisha akaongeza, "Maji yalikuwa matamu. Wallahi walinipenda."

Nilimuuliza Bi Mwanaidi kama inawezekana. Akaniambia inawezekana sana. Ngata ikivunjika, ugwe uliomo ndani unaweza kuwa bado mzima, umelala katikati ya vigae. Ukimkunja yule mtu, vigae vinaukata. Tumelelewa hivyo: aliyeanguka ainuliwe. Hata lugha yetu inasema hivyo, kumwinua mtu ni kumtendea wema. Basi kuna siku wema huo unamaliza miguu ya mtu.

Hilo nililibeba kichwani miaka mingi, bila ngata.

Nije sasa Kiuyu. Msimu wa karafuu mimi situlii. Hata kama sipandi na sibebi, lazima niwe karibu na harufu ile. Nilikuwa uwanjani nachambua karafuu na akina mama, nimesimama mbele ya meza wakati wao wamekaa kwenye majamvi, nao wananitania kwamba nachambua kama karani wa forodha. Shambani juu ya mkarafuu alikuwapo Faki, fundi seremala wa kijiji, rafiki yangu. Msimu ukifika kila mtu ni mchumaji, na Faki alikuwa mpandaji hodari. Ila mkarafuu haujali hodari. Tawi lake huvunjika bila kuaga.

Tulisikia kishindo, kisha kimya, kisha kelele. Nilipofika, watu walikuwa wamekwisha kumzunguka na wawili wameshamtia mikono makwapani.

"Mwinueni!" wengine wakapaza sauti. "Mwinueni akae apate pumzi!"

Sijui sauti ya kuwajibu niliitoa wapi. Nadhani ilikuwa ya Mzee Shaame.

"Mwacheni! Asimguse mtu!"

"Kwani weye daktari?" akauliza mmoja.

"Mie hamali. Mwache chini."

Faki alikuwa chali, macho wazi, uso wa rangi ya majivu. Nikapiga magoti kichwani kwake, nikakishika kichwa kwa mikono miwili kisigeuke.

"Faki, cheza vidole vya miguu."

Tukatazama wote. Kidole gumba cha kulia kikatikisika, kisha cha kushoto.

"Kiuno kinawaka, yakhe," akasema. "Na mie sijafa, mwambieni mama asinililie. Ananitia uchuro."

Maana mama yake, Bi Mize, alikuwa ameshafika, kanga mkononi, analia kama msibani.

Kijana mmoja akapiga simu kituo cha afya. Muuguzi akasema tumefanya vyema kutomkalisha. Gari la wagonjwa linakuja ila shambani haliingii, kwa hiyo tumlaze juu ya kitu bapa kigumu, mwili wote usogezwe pamoja, kichwa kisiachiwe, tumtoe mpaka barabarani. Kisha mtandao ukakatika.

Kitu bapa kigumu. Hapo ndipo tulipokwama. Wakaleta jamvi; nikakataa, litamkunja. Wakaleta kitanda cha kamba. Nikawaambia wakibonyeze katikati, kikashuka kama bembea, nikakataa. Mmoja akataja bati, likipinda je? Tungeng'oa mlango, ila wa nyumba ya karibu ulikuwa pazia.

Nikawaambia, "Leteni jeneza la msikitini."

Mkitaka kujua kimya ni nini, lisemeni neno hilo mbele ya mama ambaye mwanawe yuko hai.

Bi Mize akaacha kulia. "Umesemaje?"

"Jeneza, Bi Mize. Lina mbao nzima chini, lina mikono minne ya kushikia. Hakuna kitu kingine kijijini kilichotengenezwa kubebea mtu aliyenyooka."

"Mwanangu anapumua, umtie jenezani? Umetoka kwenu Wesha kuja kumzika mwanangu yu macho? Wamtakia nini, baba? Atakayepandishwa humo hashuki!"

Watu wakaanza kunong'ona. Mwingine akasema tumkalishe tu kwenye pikipiki, mmoja amkumbatie kwa nyuma. Mikono ikaanza kusogea tena. Nikainua macho nikawaambia kwamba atakayemkalisha Faki aanze kunikalisha mimi. Sikuwa na ubavu wa kupigana na mtu, kiuno changu mnakijua. Ila hawakulijua hilo.

Maalim Bakari, mwenye funguo za msikiti, akasema kwa upole, "Lile jeneza ni wakfu, bwana. Limewekwa kwa ajili ya maiti."

"Na kisima cha msikiti ni wakfu wa udhu, Maalim. Mbona kiangazi tunakunywa?"

"Usinijibu kwa mzaha."

"Si mzaha, Maalim. Vidole vyake vinacheza. Vikinyamaza, hakuna dua ya kuvirudisha ninayoijua mimi. Labda unaijua weye."

Maalim akamtazama Faki, akamtazama Bi Mize. Aliyesema ni Faki mwenyewe, pale pale chini, bila kugeuza kichwa.

"Mama. Lile jeneza nililitengeneza mimi, mikono yake nimeichonga mimi. Siku moja nitalipanda tu. Leo bora, nalipanda macho."

Maalim Bakari akashusha pumzi. "Uchuro haumo katika dini. Kumwokoa mtu kumo. Lichukueni, dhamana iwe juu yangu." Akawarushia vijana funguo.

Lilipofika, Bi Mize akajifunga kanga moja kiunoni, nyingine akaikunja viringo viwili na kumwekea mwanawe kila upande wa kichwa. Kisha akasema neno ambalo hakuna aliyethubutu kulipinga.

"Maiti hutangulizwa kichwa. Huyu atatangulia miguu. Malaika waone, na watu waone."

Nami nikasema moyoni, hiyo ndiyo nafasi ya kuvitazama vidole njia nzima.

Watu watatu huku, watatu huku, mikono chini yake, mimi kichwani. "Nikisema haya, ni wote. Kichwa, mabega na nyonga viende pamoja kama gogo." Haya! Akapanda, jeneza likasukumwa chini yake, akashuka taratibu. Akafungwa kwa kanga za wanawake, kichwa nacho kikabanwa, na kila aliyetoa kanga alitoa na ushauri.

Nilichagua wabebaji wanne wa kimo kimoja. Hapo uhamali ukanifaa: hawakuweka begani, walishika kwa mikono, chini, hatua fupi, na hakuna kubadilishana bila kusimama. Mimi nikatangulia kando ya miguu, nageuka kila mara.

"Vidole, Faki!"

"Hivi hapa!"

Lakini mnajua desturi yetu. Jeneza likipita njiani, kila mwanamume huacha alichonacho akaenda kulitia bega, japo hatua chache, apate thawabu. Hatukulifikiria hilo. Tulipotoka kwenye mikarafuu tu, mzee mmoja akashuka kwenye baiskeli, akasema "Inna lillahi," akaitupa baiskeli na kuja mbio kunyakua mkono wa mbele. Jeneza likayumba.

"Bado, mzee," Faki akamwambia kutoka ndani. "Bado kidogo."

Yule mzee alirudi nyuma mpaka akakalia baiskeli yake chini. Njia nzima ikawa hivyo. Wanatoka madukani, wanavua viatu, wanakuja na la ilaha illallah, mie nawafukuza kwa mikono kama kuku, na Faki anaitikia salamu. Mwanamke mmoja alipiga ukelele akaingia ndani na kufunga mlango. Wabebaji wakawa wanacheka, nami nikawatukana wasicheke, kwa sababu kicheko kinatikisa. Bi Mize alikuwa nyuma yetu, na kila mtu aliyekuja kushika aliambiwa, "Tazama miguu! Hamtazami miguu?"

Tulifika barabarani. Gari lilikuwapo. Wahudumu wakamhamishia kwenye ubao wao, na mmoja wao akalitazama jeneza, akatutazama sisi, akasema tu, "Haya."

Picha zilionyesha pingili ya juu ya kiuno imebonyea kama kopo lililokanyagwa. Ugwe ulikuwa mzima. Daktari hakusema kwamba jeneza ndilo lililomwokoa, na mimi sitasema. Alisema kwamba mgonjwa alifika kama alivyoanguka. Kwangu yanatosha. Faki akapelekwa Unguja, akalala sana, akafundishwa kusimama upya kama mtoto, akarudi Kiuyu na gongo. Mguu mmoja unaburura. Anatembea.

Mnadhani tulishukuriwa? Waliosema alhamdulillahi walikuwa wengi. Lakini mzee mmoja wa kijiji alipofariki baadaye, kwa uzee wake mwenyewe, maneno yakaanza: jeneza lilidanganywa, likachukua badala. Wengine wakataka litengenezwe jingine. Mimi nikaambiwa, kwa adabu, kwamba mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mgeni naye huenda kwao.

Nilikwenda, maana kwenda ni tabia yangu. Ila kabla sijaenda nilimwomba Faki atengeneze ubao. Akauchonga kwa kukaa kwenye kigoda kirefu, gongo limeegemea ukutani: mbao imara, urefu wa mtu, matundu ya kushikia kila upande, mahali pa kupitishia mikanda. Tukautundika msikitini, kando ya jeneza. Uwe wa walio hai, jeneza libaki la maiti, ugomvi uishe.

Niliporudi, haukuwapo. Niliukuta uwanjani nyuma ya nyumba moja, umeanikiwa dagaa. Nikaondoa dagaa, nikauosha, nikaurudisha. Nilipopita tena, umeegemezwa nje kwenye mvua. Ati ukiwa ndani unawaita watu waanguke. Nikaurudisha. Ijumaa moja baada ya sala likasimamishwa suala lenyewe mbele ya watu: ubao utoke au ubaki? Wakasema, wakajibizana. Faki akainuka na gongo lake, ikachukua muda, wakamsubiri.

"Kati yenu wote," akasema, "ni mimi tu niliyelipanda lile jeneza nikarudi kutoa habari. Basi nisikilizeni mtu aliyefika. Ubao wa pili kutoka kichwani unachoma mgongo. Nilipolitengeneza sikujua, maana mlionipa kazi hamkuwahi kulalamika. Huu mpya hauchomi. Anayetaka kulaza mwanawe kwenye ule wa zamani ni hiari yake."

Watu wakacheka, Maalim Bakari akaficha uso kwa tasbihi, na kikao kikaisha bila uamuzi, kama vikao vyetu vyote.

Kwa hiyo bado tunashindana, mimi na wao. Nyinyi vijana, msimu unakuja, mtapanda. Mtu akianguka, zifungeni kwanza mikono yenu. Muulizeni vidole. Pigeni simu. Mshikeni kichwa. Watakaowaambia mwinueni wanampenda. Wakatalieni hivyo hivyo. Mgongo haujui uchuro, haujui mapenzi, unajua kunyooka na kukunjwa tu.

Na mkiwa Kiuyu mkaukuta ule ubao haupo ukutani, nitumieni salamu, popote nilipo nitakuja. Hospitali wamenikataza kubeba kitu chochote kizito. Nimewasikia. Ule mmoja nitaubeba.